Blue Dream ndani ya hema: jibu kwa dada wa Hamburg

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni Mtanzania, huu ni mwaka wa sita niko Hamburg, na nina mtoto wa miaka saba. Sheria ya hapa siku hizi inamruhusu mtu mzima kupanda miche mitatu ya bangi nyumbani kwake. Mwenzangu kazini kanishawishi, nimeagiza Uholanzi mbegu tatu za Blue Dream. Pakiti inasema ni chotara, sativa 60%, indica 40%: inachangamsha akili, inalegeza mwili. Nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee na usingizi wa mchana umenikimbia. Hiyo 60 kwa 40 maana yake nini hasa, na itanisaidia kulala? Nikiipanda kwenye roshani itakubali? Kaka yangu aliyeko Tanga ananicheka, anasema bangi ni bangi tu. Desemba nakwenda kumwona, kama kuna la kujua kuhusu safari pia niambie."

Marahaba dada, na pole na zamu.

Hiyo 60 kwa 40 usiihangaikie. Hakuna maabara inayopima "usativa" wa mmea ikakupa asilimia. Ni makisio ya ukoo: muuza mbegu anasema mzazi huyu tulimwita sativa, yule indica, basi mtoto tumgawe hivi. Linnaeus aliandika jina Cannabis sativa mwaka 1753 kwa katani ya Ulaya (bangi ya nyuzi, si mkonge), na Lamarck akaongeza Cannabis indica mwaka 1785 kwa mimea iliyotoka India. Wote wawili walikuwa wanaeleza mmea ulivyo. Habari za kwamba huyu anachangamsha na yule analaza zilikuja baadaye sana, na zilitoka kwa wavutaji na wauzaji. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dalhousie huko Kanada na wenzao walipima vinasaba na kemikali za sampuli karibu 300 zenye lebo hizo. Lebo na ukoo havikuendana. Kilichofuatana na lebo, tena kidogo, ni aina chache za tepini, yaani zile kemikali zinazotoa harufu. Kwa maneno mengine, watu wananusa ua, wanalipa jina.

Neno lenyewe "chotara" nalo linahitaji tahadhari, hasa kwa sisi tuliokulia kwenye mahindi. Ukinunua mfuko wa mbegu chotara za mahindi, shamba zima linatoka urefu mmoja na kubeba wakati mmoja, kwa sababu wazazi wake walizalishwa ndani kwa ndani vizazi vingi mpaka wakatulia, ndipo wakakutanishwa. Kwenye bangi kazi hiyo mara nyingi haijafanyika. Chotara hukutanishwa na chotara, na watoto wanatoka kila mmoja na sura yake.

Blue Dream ni mfano mzuri wa jambo hili. Upande mmoja ni Blueberry, aliyoitengeneza mkulima wa Marekani anayejulikana kama DJ Short kuanzia miaka ya 1970 kwa kuchanganya mbegu za Thailand na za Afghanistan. Upande wa pili ni Haze, ukoo wa pwani ya California, eneo la Santa Cruz. Mtoto wao alitamba California miaka ya 2000, wakati maduka ya bangi ya matibabu yalipokuwa yameshamiri kufuatia kura ya wananchi ya mwaka 1996. Lakini alitamba kwa vipandikizi, si kwa mbegu. Kipandikizi ni tawi lililokatwa kwenye mmea mama na kutiwa mizizi, na kinasaba ni yule yule mama. Mbegu zilikuja baadaye, kila kampuni ikijaribu kuurudia mchanganyiko kwa njia yake. Kwa hiyo ulichonacho ni ndugu watatu waliotengenezwa kufanana na Blue Dream. Mmoja anaweza kurefuka kama mlingoti na kunukia ndimu na viungo. Mwingine akawa mfupi, mnene, mwenye harufu ya matunda. Usishangae, na usimlaumu aliyekuuzia.

Pamoja na hayo, ukoo huu una tabia zinazojirudia. Mmea unakua kwa nguvu, matawi ya pembeni ni marefu, mavuno ni makubwa. Vipimo vya maabara za Marekani kwa maua yanayouzwa kwa jina hilo kwa kawaida huonyesha THC, kemikali inayolewesha, kati ya 17% na 24%, na CBD, ndugu yake asiyelewesha, chini ya 1%. Tepini inayoongoza ni misini, ambayo imo pia kwenye mchaichai na embe, ikifuatiwa na pinini ya misonobari na kariofilini, ile iliyomo kwenye karafuu na pilipili manga. (Utaambiwa ukila embe kabla ya kuvuta utalewa zaidi kwa sababu ya hiyo misini. Kula embe kwa sababu ni tamu.)

Sasa kaka yako. Kwa upande mmoja yuko sahihi: kinacholewesha ni THC, iwe imetoka Tanga au Santa Cruz, na inafanya kazi kwenye vipokezi vile vile vya ubongo. Anapokosea ni kwenye kiasi. Bangi ina miche dume na miche jike, kama mpapai. Kwenye shamba ambalo dume hawajang'olewa, jike wanachavushwa, na nguvu yao inaishia kwenye kujaza mbegu. Ndiyo maana bangi anayoijua yeye ina punje nyingi za kupepeta. Jike asiyechavushwa anaendelea kuongeza maua na utomvu, na THC imo kwenye utomvu huo. Ongeza miaka hamsini ya watu kuchagua mbegu kwa kigezo kimoja tu, ukali, utaona kwa nini sigara mbili zenye unene sawa si kitu kimoja.

Piga hesabu. Sigara yenye gramu 0.3 ya ua la 20% ina miligramu 60 za THC. Nyingi inaungua au inapotea na moshi, lakini hata ikifika robo tu kwenye damu ni miligramu 15. Watafiti wa Marekani wamekuwa wakitumia miligramu 5 kama kipimo kimoja cha kawaida tangu 2021. Kwa mtu asiyezoea, mvuto mmoja halafu kusubiri dakika 20 kunatosha kujua mmea wako ukoje. Ukivuta, unaanza kuusikia ndani ya dakika chache na unadumu saa mbili hadi nne. Ukila, unakawia nusu saa mpaka saa mbili, ini linaigeuza THC kuwa kemikali nyingine yenye nguvu zaidi, na shughuli inaweza kuendelea nusu siku. Wengi wanaoharibikiwa ni wale waliokula kipande cha keki, wakaona kimya, wakaongeza cha pili.

Utasikia nini? Wengi hueleza Blue Dream kuwa inafungua maongezi, rangi na muziki vinanoga, mwili unakuwa mwepesi bila kulala papo hapo. Mdomo unakauka, macho yanakuwa mekundu, moyo unakwenda mbio. Kiasi kikizidi, mambo hayo hayo yanageuka kuwa hofu na mawazo ya kwamba watu wanakutazama. Yote hayo yanategemea zaidi kiasi, mazoea na hali uliyokuwa nayo kabla ya kuvuta kuliko jina la pakiti.

Kuhusu usingizi nitakuwa mkweli, hata kama hukuagiza mbegu ili usikie hivi. THC inaweza kukulaza mapema zaidi siku za mwanzo. Lakini mwili unazoea ndani ya wiki chache, kiasi kinapanda, ule usingizi wa ndoto unapungua, na ukiacha unarudi kwa fujo: ndoto kali, jasho, kukesha. Mtu wa zamu za usiku tatizo lake ni saa ya mwili kugongana na jua. Pazia zito lisilopitisha mwanga hata chembe, chumba cha baridi, na kahawa ya mwisho kabla ya nusu ya zamu kupita vina faida kubwa kuliko ua lolote. Vikishindikana, nenda kwa daktari. Huko Ujerumani daktari ana uwezo wa kukuandikia hata bangi ya famasi yenye kipimo kinachojulikana, akiona inafaa.

Kuna watu ninaowaambia wasiiguse kabisa. Kama kwenu kuna aliyewahi kuugua ugonjwa wa akili wa kusikia sauti, acha. Utafiti uliotoka kwenye Lancet Psychiatry mwaka 2019, uliofanyika katika miji kadhaa ya Ulaya na Brazili, ulikuta wanaotumia kila siku bangi yenye THC ya 10% au zaidi walikuwa na uwezekano karibu mara tano wa kupata ugonjwa huo kuliko wasiotumia kabisa, na Blue Dream iko juu ya mstari huo. Acha pia ukiwa mjamzito, unanyonyesha, una matatizo ya moyo, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin. Na kama una gari: tangu Agosti 2024 kiwango cha Ujerumani kwa dereva ni nanogramu 3.5 za THC kwa mililita ya majimaji ya damu, na kwa mwenye leseni iliyo kwenye miaka miwili ya majaribio, au aliye chini ya miaka 21, ni marufuku kabisa. Anayevuta kila siku anaweza kuzidi kiwango hicho kesho yake, akiwa haoni dalili yoyote.

Tuje kwenye roshani. Jibu ni hapana, na sababu ni mbili.

Ya kwanza ni jua. Bangi ya aina hii inaamua kuchanua kwa kuhesabu urefu wa usiku. Tanga mchana na usiku havipishani sana mwaka mzima, ndiyo maana mbegu za kaskazini zikipandwa karibu na Ikweta huchanua zikiwa bado za kimo cha goti. Hamburg mchana wa Juni una saa 17, na hupungua hadi kama saa 14 mwishoni mwa Agosti. Hapo ndipo mmea wako utaanza kuchanua, na Blue Dream inahitaji wiki 9 hadi 10 za maua. Hesabu mwenyewe: unavuna mwisho wa Oktoba au Novemba, baada ya wiki kadhaa za mvua na ukungu wa mto Elbe. Ua nene likilowa linaoza kuanzia katikati, kuvu wa kijivu yumo ndani na nje bado panapendeza. Dalili ya kwanza ni jani moja dogo lililonyauka juu ya ua, ambalo ukilivuta linachomoka bila kubisha. Ukipasua ua hapo unakuta vumbi la kijivu.

Ya pili ni mwanao na majirani. Sheria ya Ujerumani iliyoanza tarehe 1 Aprili 2024 inataka mimea ilindwe watoto wasiifikie, na isiwe kero kwa jirani. Roshani haifungwi kwa ufunguo, na Blue Dream kwenye wiki ya sita ya maua inanukia hadi ghorofa ya chini.

Kwa hiyo nunua hema la kuoteshea la sentimita 80 kwa 80, urefu wa mita 1.8 au 2, lenye zipu unayoweza kuitia kufuli. Ndani weka taa ya LED ya wati 150, feni ndogo ya kupepea, na feni ya kutoa hewa yenye kichujio cha mkaa. Umeme si mdogo lakini unahesabika: wiki 4 za kukuza kwa saa 18 na wiki 10 za maua kwa saa 12 ni kama uniti 200 kwa taa peke yake, yaani euro 70 hivi kwa bei ya senti 35.

Panda mbegu moja. Najua una tatu, lakini kwenye nafasi hiyo mmea mmoja uliotandazwa vizuri unajaza hema. Itumbukize mbegu sentimita moja kwenye udongo mwepesi wenye unyevu, joto la nyuzi 22 hadi 25, na ndani ya siku chache itachomoza. Wanaoanza wanaua miche kwa maji zaidi kuliko kwa kiu. Kinyanyue chungu: kikiwa kizito, ondoka. Hamishia baadaye kwenye chungu cha lita 15, pH (kipimo cha uchachu wa udongo) kati ya 6 na 6.8, na kama udongo una mboji nzuri usitie mbolea yoyote wiki tatu za mwanzo.

Angalia pakiti kama imeandikwa mbegu jike. Hizo hutengenezwa kwa kumpulizia jike dawa ya fedha inayozuia homoni ya ethilini. Anatoa chavua isiyo na kromosomu ya dume, na watoto karibu wote wanakuwa jike. Kama ni mbegu za kawaida, kuanzia wiki ya nne hivi kagua penye pingili: nywele mbili nyeupe ni jike, kifuko kama punje ya mtama ni dume, na dume mtoe siku hiyo hiyo.

Mmea ukifikisha pingili ya tano au ya sita, kata ncha. Badala ya shina moja utapata mawili, halafu yafunge kwa kamba laini uyalaze pembeni ili matawi yote yapate mwanga sawa. Hili kwa Blue Dream si la hiari. Siku utakapogeuza taa kwenda saa 12 za mwanga na 12 za giza, mmea utarefuka kwa wiki mbili hadi tatu na unaweza kufikia mara mbili ya kimo chake. Geuza ukiwa na sentimita 40, sio 80, vinginevyo utaungua kwenye taa. Na giza liwe giza. Taa ya korido ikipenya kila usiku, jike anaweza kuwa huntha, akatoa vifuko vya chavua na kukujazia punje.

Adui mkubwa wa ukoo huu ni ubwiri unga, ule ule ugonjwa unaowasumbua wakulima wa korosho Mtwara na Lindi. (Kuvu anayeshambulia bangi si yule wa korosho, ila sura ni moja: vumbi jeupe juu ya jani, kama mtu kamwaga unga.) Wa korosho wanapuliza salfa. Wewe usipulize salfa kwenye maua, utaivuta mwenyewe. Punguza majani ya ndani yanayogusana, feni isizimwe, unyevu wa hewa uwe 40% hadi 50% tangu maua yaanze, na nguo usianike chumba hicho. Doa likitokea kabla ya maua, maji yenye potasiamu baikaboneti yanasaidia. Likitokea wiki ya nane juu ya maua, tupa maua hayo.

Kuvuna usihesabu wiki tu. Nunua lenzi ndogo ya kukuza mara 60, tazama vichwa vya utomvu juu ya ua. Vikiwa angavu kama kioo, bado. Vikigeuka vyeupe kama maziwa na vichache vimeanza rangi ya kahawia ya asali, kata. Ning'iniza matawi kwenye giza, nyuzi 18 hadi 20, unyevu 55% hadi 60%, siku 7 hadi 14, mpaka kijiti kidogo kivunjike badala ya kupinda. Kisha tia kwenye chupa za kioo, uzifungue kila siku wiki ya kwanza. Chupa ziwe kwenye kabati lenye ufunguo. Mtoto wa miaka saba anafika juu kuliko unavyodhani.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii mpaka mizani iwaambie. Sheria inakuruhusu kuwa na gramu 50 zilizokauka nyumbani, na 25 ukiwa nje. Mmea mmoja wa Blue Dream ulioupa matunzo haya unaweza kupita gramu 50 peke yake, na mitatu itapita mara kadhaa. Kinachozidi unatakiwa kukiharibu. Huruhusiwi kumuuzia mtu, wala kumpa yule mwenzako wa kazini hata bure, kwa sababu mavuno ya nyumbani ni ya aliyepanda tu. Ndiyo sababu nasema mbegu moja. Mbili zilizobaki zitie kwenye kichupa kikavu ndani ya friji, zinaweza kukaa miaka.

Desemba, usibebe chochote: si ua, si mbegu, si mafuta. Tanzania kulima na kumiliki bangi ni kosa chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na mahakama zinatoa vifungo virefu. Ukiunganisha ndege Dubai au Doha ni kali vile vile. Begi utakalosafiria lisiwe lile linalokaa karibu na hema, likung'ute mifuko yote, na kisagio chako cha bangi kiache Hamburg.